Jeraha Kwanza, Silaha Baadaye

Mwaka 2002 nilikuwa naishi Magongo, Mombasa, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba ndege ya Arkia, shirika la Israel, iliruka ikiwa imejaa watalii wanaorudi Tel Aviv. Makombora mawili ya Strela-2, yale ya Kisovieti ya kurushia begani, yakaipita karibu na kupotelea hewani. Sisi wakazi hatukujua lolote mpaka polisi walipojaa barabarani. Muda uleule, kule Kikambala, gari lenye mabomu lililipua hoteli ya Paradise. Walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3, na kati ya Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliokuja kuwalaki wageni.

Mimi ni fundi wa rada, sasa mstaafu, na tangu siku ile nimefuatilia kilichotokea baadaye kwa upande wa ufundi. Strela-2 haina akili nyingi: ina jicho linalofuata joto la injini, basi. Waisraeli walianza kwa kufunga kwenye baadhi ya ndege za abiria mtambo wa kufyatua mioto ya kulilaghai jicho hilo. Baadaye kampuni ya Elbit ikatoa C-MUSIC, boksi linalokaa chini ya tumbo la ndege. Likigundua kombora linakuja, hulimulika kwa leza jichoni mpaka lipoteze njia. Ndiyo maana nikiulizwa silaha za Israel zimetoka wapi, huwa naanzia palepale Magongo. Ukichimba chini ya karibu kila kifaa chao utakuta tarehe ya siku waliyoumia, au ya siku waliyonyimwa.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kujificha. Kati ya 1945 na 1948, wakati Waingereza wakiitawala Palestina, kulikuwa na kiwanda cha siri cha risasi cha Wayahudi chini ya ardhi karibu na mji wa Rehovot. Juu yake palikuwa na dobi na tanuri la mikate, na mlango mmoja ulikuwa chini ya mashine ya kufulia. Wafanyakazi waliwekewa taa maalumu za kuunguza ngozi kidogo, maana mtu asemaye analima mashambani hawezi kuwa mweupe kama karatasi. Zilitoka humo risasi zaidi ya milioni 2. Bunduki ya Uzi, iliyobuniwa na Uziel Gal miaka michache baadaye, ina roho ileile ya karakana. Magazini huingia kwenye mpini wenyewe, hivyo askari aliye gizani hubadilisha risasi bila kutazama: mkono mmoja unautafuta mwingine, nao huupata.

Ila vita vya 1948 havikupiganwa kwa silaha zao. Walinunua kwa Wacheki, kisha kwa miaka mingi ndege zao za kivita zikatoka Ufaransa. Juni 1967 Rais de Gaulle akafunga bomba. Ndege 50 za Mirage 5 ambazo tayari zilikuwa zimelipiwa hazikutoka. Uingereza nayo, mwaka 1969, ikakataa kuwauzia vifaru vya Chieftain. Majibu yalikuwa mchanganyiko wa ufundi na ujanja wa mtaani. Usiku wa Krismasi 1969 boti tano za makombora zilizokuwa zimezuiwa bandari ya Cherbourg zilitoroka kwenye dhoruba mpaka Haifa. Mwaka 1971 mhandisi wa Uswisi, Alfred Frauenknecht, alifungwa kwa kuwapa michoro ya injini ya Mirage. Kwenye vifaru, Jenerali Israel Tal akachora Merkava na kuiweka injini mbele, kinyume na vifaru vingi vya wakati huo, ili chuma cha injini kiwakinge waliomo. Nchi yenye watu wachache huwaza hivyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa baharini. Oktoba 1967 meli yao Eilat, manowari ya zamani ya Waingereza, ilizamishwa karibu na Port Said kwa makombora ya Styx yaliyorushwa na boti ndogo za Misri. Mabaharia 47 walikufa. Waisraeli walikuwa bado wanatengeneza kombora lao, Gabriel, ila lilifika kama kilomita 20 tu, na Styx ilifika mara mbili ya hapo. Kwa maneno mengine, ili umpige adui lazima kwanza uvuke eneo ambalo yeye anakupiga na wewe humfikii. Hawakusubiri kurefusha kombora. Walikwenda kwenye rada, na hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Styx hutafuta shabaha yake kwa rada. Ukimwaga angani nyuzi nyembamba za alumini, rada hiyo huona wingu kubwa linalong'aa kuliko meli. Ukiongeza mawimbi ya kuivuruga, haijui tena lipi ni la kweli. Usiku wa tarehe 7 Oktoba 1973, mbele ya bandari ya Latakia nchini Syria, Wasyria walirusha Styx zao na hakuna hata moja iliyopata boti. Waisraeli wakasogea, wakarusha Gabriel, wakazamisha meli tano. Ilikuwa mara ya kwanza boti za makombora kupigana zenyewe kwa zenyewe.

Mfumo wa Iron Dome, wa kudungua roketi angani, ni mtoto wa fikra hiyohiyo. Mwaka 2006 Hezbollah ya Lebanon ilirusha roketi zipatazo 4,000 kaskazini mwa Israel, na jeshi lote lile halikuwa na la kuzizuia. Machi 2011 mtambo wa kwanza uliwekwa karibu na Beersheba. Watu wanashangilia lile kombora la Tamir linalopasuka angani. Mimi nashangaa hesabu. Mtoto aliyekaa chini ya mwembe, mwenzake akirusha jiwe, hujua mapema kama litamwangukia kichwani au litapita. Rada ya kampuni ya Elta hufanya vivyo hivyo: huona roketi inavyopanda, hukokotoa itakapoangukia, na kama ni porini huiacha ianguke. Pale Sderot watu wana sekunde 15 hivi za kukimbilia kwenye kinga, kwa hiyo mashine haina muda wa kuitisha kikao. Na kuacha ni kuokoa fedha, kwani Tamir moja hugharimu makumi ya maelfu ya dola, wakati roketi ya Gaza inaweza kuwa bomba la chuma lililojazwa sukari na mbolea.

Fedha hizo, tuseme ukweli, nyingi ni za Marekani. Mkataba wa 2016 uliahidi dola bilioni 38 kwa miaka 10, bilioni 5 zikiwa za ulinzi dhidi ya makombora. Walipojaribu kutengeneza ndege yao ya kivita, Lavi, gharama ziliwashinda. Agosti 1987 baraza la mawaziri likaizika kwa kura 12 dhidi ya 11, na mpaka leo wanarusha F-15, F-16 na F-35 za Wamarekani. Kwenye maonyesho ya silaha wauzaji wao husifu kwamba bidhaa "zimejaribiwa vitani". Mimi sentensi hiyo hunikwama kooni, maana najua majaribio hayo yamefanyikia juu ya vichwa vya watu Gaza na Lebanon.

Droni nimeziacha mwisho makusudi. Mwaka 1969 ofisa wao wa upelelezi, Shabtai Brill, alitaka picha za mahandaki ya Misri ng'ambo ya Mfereji wa Suez. Zikanunuliwa Marekani ndege za kuchezea za rimoti, zikafungwa kamera, zikavushwa juu ya mfereji. Miaka 13 baadaye, bonde la Bekaa nchini Lebanon, ndege zao zisizo na rubani zilisaidia kuziumbua rada za Syria, na mitambo ya makombora ikateketezwa kwa siku moja.

Desemba 2021 walimaliza uzio wa kuizunguka Gaza, zaidi ya kilomita 60, wenye vihisio, kamera na bunduki za kuendeshwa kwa mbali juu ya minara. Asubuhi ya tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas waliijia minara hiyo kwa droni ndogo za aina inayouzwa madukani, wakaidondoshea vilipuzi mpaka skrini za walinzi zikazima. Uzio wenyewe ukafunguliwa kwa tingatinga.