Mvinyo wa nchi za baridi: tusemayo Malindi na yalivyo

Mjomba wangu ni mgema huko Kakuyuni. Niliporudi kutoka Trentino, kaskazini ya Italia, alinipokea kwa swali moja: "Mpwa wangu, minazi yote hii umeiacha ukapanda ndege kwenda kuonja tembo la wazungu?"

Nimekuwa mhudumu wa meza Malindi kwa miaka kumi na saba, na wateja wangu wengi ni Waitaliano. Wazee wawili, mume na mke wanaokuja kila Desemba, ndio walionialika kwao mwezi wa Oktoba, nikatembelea viwanda vinne vya mvinyo, au kantina kama wanavyoviita wao na sisi tuliojifunza Kitaliano pwani. Mji wetu umejaa watu wanaoumimina mvinyo, wanaoubeba, wanaouuza na wasiougusa kamwe, na kila mmoja ana lake la kusema juu yake. Mengi si kweli. Mengine nimeyasema mimi mwenyewe mbele ya wageni, tena kwa uso mkavu.

"Zabibu hutaka joto, kwa hiyo nchi ya baridi haina mvinyo wa maana"

Mzabibu unataka jua, hilo kweli. Lakini joto likizidi, tunda hujaa sukari upesi na kupoteza uchachu wake. Usiku wa baridi ndio unaoutunza uchachu huo. Sukari hiyo ndiyo inayogeuzwa na hamira kuwa kilevi, na kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu hutoa takriban asilimia moja ya kilevi. Ndiyo maana mvinyo wa baridi mara nyingi ni mwepesi kichwani na mkali ulimini: mate yanakujaa kama uliyelamba embe bichi lenye chumvi na pilipili. Miaka yote nilikuwa nikiwamiminia wageni mvinyo wa aina hiyo huku nikisema "huu una ukali kidogo", kana kwamba naomba radhi. Kumbe ukali ndio walioufuata. Ujaribu na pweza wa kuchoma uone.

Na baridi ya huko si barafu mwaka mzima. Trento iko nyuzi 46 kaskazini ya ikweta, katika bonde lenye milima pande zote, na mchana wa Julai watu hutoka jasho kama sisi. Mizabibu hupandwa kwenye miteremko inayolielekea jua, mingi ikitandazwa juu ya chanja za mbao, ukipita chini unajiona umo barazani. Alasiri hupanda upepo kutoka Ziwa Garda, kusini, unaoitwa Ora. Mkulima aliyenieleza habari zake alishangaa nilivyomwelewa upesi. Mtu aliyekulia mahali ambapo kusi na kaskazi ndizo kalenda haelezwi mara mbili kuhusu upepo wenye jina.

Hata hapa Kenya baridi ipo, ila yetu tunaipanda mlima kuifuata. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5, na Ziwa Naivasha liko zaidi ya mita 1,880 juu ya bahari. Ndiyo maana mvinyo wa Leleshwa unatoka Morendat, upande wa Naivasha, wala hautoki Mambrui, hapa pwani kwetu. Marehemu Richard Leakey, yule wa mabaki ya watu wa kale, naye alipanda zabibu za Pinot Noir kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Tofauti ni kwamba mizabibu ya Trentino hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi. Ya ikweta hailali, mkulima huipumzisha kwa kuipogoa, na Dodoma, ambako ni joto na ukavu, huvuna mara mbili kwa mwaka.

"Mvinyo mtamu umetiwa sukari"

Hili nililisikia tena juzi jikoni kwetu. Sheria ya Italia inakataza kutia sukari ya kawaida katika mvinyo, hata mwaka ambao jua lilikuwa chache. Utamu una njia nyingine, na niliyoipenda mimi ni ya Bonde la Maziwa, magharibi ya Trento. Huko huchuma zabibu nyeupe ziitwazo Nosiola na kuzitandaza juu ya chanja darini, madirisha wazi, Ora aingie na kutoka. Zinakaa hivyo kuanzia vuli hadi Juma Takatifu kabla ya Pasaka, zikinyauka na kujikunja, ndipo zikamuliwe. Kinachotoka ni kidogo na kizito, na huchachuka taratibu katika mapipa kwa miaka. Wanakiita Vino Santo, kwa sababu ya juma hilo.

Sisi tunda bichi na kavu yote tunayaita zabibu. Nilipowaeleza wenyeji wangu hivyo walicheka, wakasema basi Kiswahili ndicho lugha inayofaa kwa mvinyo ule. Kwa kweli hata neno mvinyo ni vinho la Wareno, hao hao walioshuka Malindi mwaka 1498.

"Kantina ni kasri la tajiri"

Zipo za namna hiyo. Lakini Trentino sehemu kubwa ya zabibu huingia katika vyama vya ushirika, kama kahawa ya bara: wakulima wa vishamba vidogo wanaleta mavuno, yanapimwa, chama kinakamua na kuuza. Nilikuta foleni ya matrekta nje ya mmoja wa ushirika huo, na dada wa mapokezi akatuambia kwa upole turudi siku nyingine. Kosa lilikuwa letu. Kantina si duka la kuingia tu ukipita, hasa Septemba na Oktoba ambapo kila mtu mikono imetapakaa maji ya zabibu. Piga simu kwanza.

"Ukishaonja ni lazima ununue"

Mtu wa Malindi analiamini hili kwa sababu tunajua kamisheni. Tumewapeleka wageni kwenye maduka ya vinyago na tumeona mlango unavyofungwa taratibu nyuma yao. Kantina nilizolipa euro chache kabla ya kuonja hazikunidai zaidi, na mbili zilinirudishia pesa hizo niliponunua. Kwa familia ndogo iliyokufungulia chupa sita na kukaa nawe saa nzima, chupa moja ni adabu tu.

Pale mezani kuna ndoo. Ni ya kutemea. Nilipoiona nilidhani ya barafu, na nilikuwa nimeshameza glasi tano kabla sijaelewa. Kutema si dharau kwa mwenyeji, naye hutema. Huanza na nyeupe nyepesi, kisha nyekundu, tamu mwisho, maana ukianza na tamu nyingine zote zitaonekana kama ndimu. Mimina kidogo, zungusha, nusa, na usione haya kusema huupendi.

Hapo ndipo nilipoangukia. Tumelelewa na methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kule mgema ndiye aliyenisifu mimi, eti nina ulimi wa fundi, nami nikatoa pochi. Mvinyo mwekundu nilionunua hapo sikuupenda siku hiyo wala siupendi leo.

"Ukinunua kwa mwenyewe ni bei ya chini"

Si lazima. Bei ya kantinani mara nyingi ni ile ile ya dukani, kwa sababu mzalishaji hawezi kushindana na wenye maduka wanaomuuzia mwaka mzima. Unachopata ni aina zisizotoka nje ya bonde, kama hiyo Nosiola, na mtu wa kumuuliza. Rahisi kweli ni ule wanaouita sfuso: unakwenda ushirikani na madumu yako, wanakujazia kwa mpira kama petroli, unalipa kwa lita. Ni wa kunywa nyumbani na chakula, upesi. Haufai kwa safari ya kurudi Kenya.

"Asiyekunywa hana la kufanya kule"

Aliyeniendesha ni rafiki yangu wa hapa Malindi anayefanya kazi Milano, Mwislamu, pombe hagusi. Alitembea shambani, aliuliza maswali kuhusu kupogoa kuliko mimi, na akatoka na katoni la maji ya matufaha, kwa kuwa mabonde yale ni ya matufaha vilevile. Tena dereva asiyekunywa ni dhahabu: kiwango cha Italia ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na kwa kuonja kantina mbili bila kutema unaweza kukipita.

Yaliyobaki niyapitie haraka. Vichembe vinavyong'aa chini ya chupa si vipande vya glasi. Ni chumvi ya uchachu wa zabibu iliyoganda kwa baridi, haidhuru. (Niliwahi kuirudisha chupa jikoni mbio mbele ya mgeni aliyebaki akicheka.) Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni, na kwa nyeupe ya kunywewa mapema kinafaa kuliko kizibo. Na si kila mvinyo mweupe hutoka zabibu nyeupe: karibu zabibu zote nyeusi zina maji meupe, rangi iko kwenye ganda.

"Ukikaa sana ndio mzuri, na mwekundu hunywewa kwa joto la chumba"

Mawili haya ndiyo yanayoharibu chupa nyingi Malindi.

Mjomba anajua mnazi: wa asubuhi mtamu, wa jioni mkali, ukilala siku mbili tatu ni siki. Mvinyo nao unasafiri njia ile ile, ila kwa miguu. Chupa chache zimeumbwa kukaa miaka kumi. Nyeupe nyingi za nchi za baridi zataka kunywewa ndani ya miaka miwili mitatu, uchachu ungali hai. Sasa joto letu huupandisha bodaboda. Ile chupa unayoiona nyumba za watu juu ya friji, imesimama tangu harusi, ikipigwa na joto la mashine mchana na usiku, haizeeki kwa heshima. Inapikwa. Ilaze ndani ya friji, sehemu ya chini kabisa, au chumba chenye giza na kiyoyozi, kizibo kikiguswa na mvinyo kisije kukauka.

Nalo joto la chumba ni msemo wa nyumba za mawe za Ulaya kabla ya vipasha joto, chumba cha nyuzi 16 au 18. Chumba changu saa hii kina 29. Mwekundu wa hapa unataka nusu saa ya friji kabla ya kufunguliwa, na mgeni akikunja uso mwambie ajaribu kwanza. Nimefanya hivyo tangu Oktoba, hakuna aliyerudisha glasi.

Nami nilijifunza kwa hasara. Nilikuja na chupa tano ndani ya sanduku, maana viwanja vingi vya ndege haviruhusu vimiminika vya zaidi ya mililita 100 kwenye mzigo wa mkononi. Msamaha wa ushuru kwa mtu mzima anayeingia Afrika Mashariki ni lita mbili za mvinyo, yaani chupa mbili na kitu, zilizozidi nilizilipia. Kisha nikaharibu mwenyewe: tulisimama Kisauni kula kwa jamaa, gari juani, sanduku ndani ya buti kwa saa nne, halafu kilomita 120 hadi Malindi. Kizibo cha chupa moja kilikuwa kimejisukuma nje, nguo zote zananata.

Nosiola ilisalimika. Nikaipoza, nikampelekea mjomba Kakuyuni Jumapili. Alikunywa funda moja, akakunja uso, akauliza uligemwa lini. Nikamwambia ni mavuno ya miaka miwili nyuma. Akaiweka glasi chini, akaitazama.

"Wa kwangu saa hii ungekuwa unatengenezewa achari," akasema, akaisogeza glasi niongeze.