Bafu la nyumba ya kupanga: elewana na mwenye nyumba kabla ya kumwita fundi

Mgonjwa wa kiharusi, au kijana aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, huruhusiwa kutoka hospitali akiwa ameshajifunza kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Akifika nyumbani Pasua au Majengo, anakwama mlangoni mwa choo. Kwa familia nyingi tunazozihudumia hapa Moshi kupitia huduma za utengemao, yaani za kumsaidia mgonjwa arudi kujihudumia, choo hicho kipo kwenye nyumba ya kupanga, mara nyingi kiko uani na wapangaji kadhaa wanakitumia. Hapo ndipo watu huanza kuulizana nani aruhusu kuvunja na nani alipe.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 imeweka mkazo zaidi kwenye majengo yanayohudumia umma. Kwenye chumba cha kupanga, kinachokulinda hasa ni makubaliano yako na mwenye nyumba, nayo yana nguvu yakiwa yameandikwa. Tunaumia sana kuona familia iliyochangishana, ikajenga, kisha ikaambiwa ihame kodi ilipoisha, na jasho lake lote likabaki ukutani.

Kwa hiyo anza na vitu unavyoweza kuhama navyo. Kama choo ni cha kuchuchumaa, seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kikakaa juu ya shimo. Miguu yake iachane vizuri, chini ivalishwe vipande vya mpira, na kimo chake kilingane na kiti cha magurudumu, kwa kawaida sentimita 45 hadi 50. Ongeza kiti imara cha plastiki cha kuogea, jagi lenye mpini mrefu na taa yenye mwanga wa kutosha. Kwa mgonjwa anayeweza kusimama akishikwa, vitu hivyo peke yake vinaweza kutosha kwa miezi ya mwanzo.

Yanayogusa jengo ndiyo ya kuombea ruhusa. Kwa maoni yangu, mlango utangulie. Milango mingi ya vyoo hufungukia ndani; mtu akidondoka, mwili wake unauzuia mlango na waokoaji wanabaki nje. Kuhamisha bawaba ili ufungukie nje ni kazi ndogo. Upana unaofaa ni angalau sentimita 80, ila kama mwenye nyumba hataki kubomoa fremu, ng'oeni mlango mtundike pazia zito. Mtapata sentimita chache ambazo pengine ndizo zilizokuwa zikikosekana.

Kisha vyuma vya kushikilia. Bomba la chuma la inchi moja, lililopakwa rangi lisishike kutu, linatosha; fundi wa kuchomelea yeyote anaweza kulikunja. Liwekwe kimo cha sentimita 70 hadi 85 kutoka sakafuni, upande wenye nguvu wa mgonjwa, na liachane na ukuta kiasi cha sentimita 4 ili vidole vipite. Bolti zishike kwenye tofali lenyewe. Chuma kilichoshikiliwa na plasta tu ni hatari kuliko kukosa chuma, kwa sababu mgonjwa atakiamini kwa uzito wake wote. Mkubwa wa familia akining'inie kwanza kabla mgonjwa hajakitumia.

Kizingiti kinahitaji hesabu. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 15 kinadai mteremko wa mita 1.8. Uani kukiwa kufinyu, mteremko wa mbao wa kuweka na kuondoa utawapunguzia ugomvi na majirani. Nao majirani waitwe mapema, kwa sababu kiti cha tundu kitahitaji mahali pa kukaa wao wakitumia choo.

Ukienda kwa mwenye nyumba, nenda na makadirio ya fundi na bei za duka la hadiwea. Mweleze kitakachobaki kwenye nyumba yake na utakachoondoka nacho. Omba gharama za vinavyobaki zikatwe kwenye kodi. Tuseme kodi ni shilingi 100,000 kwa mwezi, unalipa ya miezi sita kwa mkupuo, na kazi ya kudumu imegharimu 300,000: mkikubaliana akubebee nusu, awamu ijayo utalipa 450,000. Andikeni pia muda ambao hatakutoa wala kupandisha kodi, na iwapo utatakiwa au hutatakiwa kurudisha choo kilivyokuwa ukihama. Sainini mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja abaki na nakala. Ukizuka mgogoro, usuluhishi huanzia Baraza la Kata, kisha shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Fedha za kazi yenyewe zitoke wapi? Aliyeumia kazini aanze kwa mwajiri na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mafao yake yanajumuisha utengemao. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, aulizie mafao ya ulemavu. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu ni mikopo ya shughuli za kiuchumi, hivyo usiipigie hesabu kwa ajili ya choo. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukuandikia barua ya utambulisho kwenda kanisani, msikitini au kwa wafadhili. Mfuko wa jamii wa kikoba chako nao ubishiwe hodi. Kote huko, karatasi ya makadirio husikilizwa kuliko ombi la jumla la msaada: kuna atakayenunua saruji, mwingine bomba, mwingine atamlipa fundi.

Msisubiri siku ya kuruhusiwa hospitalini ndipo muanze. Mgonjwa akiwa bado wodini, ndugu mmoja achukue futi kamba, apime upana wa mlango, kimo cha kizingiti na nafasi ya ndani, apige picha kwa simu, alete kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo au wa fiziotherapia anayemhudumia.