Mtoto Ametoka, Uzazi Bado: Hatua za Uchungu na Saa Mbili za Kuwa Macho

Mtoto akilia, vigelegele hupigwa na simu huanza kupigwa kutoka Kisauni hadi Changamwe, huku Mombasa. Kwa mkunga, huo ndio wakati wa kuwa macho zaidi. Kuvuja damu baada ya kuzaa ndiko kunakoongoza katika vifo vya akina mama wazazi nchini Kenya, na damu hiyo mara nyingi humwagika wakati jamaa wanaamini mambo yameisha. Ili sababu ieleweke, tuufuate uchungu tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza ni mlango wa kizazi kufunguka hadi sentimita 10. Mpaka sentimita 5 huenda polepole. Kwa mimba ya kwanza yaweza kuchukua siku nzima, na hilo peke yake si ugonjwa. Mama atembee, anywe uji, chai au madafu, na akojoe kila baada ya saa mbili, maana kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Uchungu wa kweli hautulii kwa kutembea wala kuoga, bali huzidi kukaribiana na kukaza. Mwenye mimba ya kwanza aondoke nyumbani unapokuja kila dakika 5, ukidumu karibu dakika nzima, kwa muda wa saa moja. Aliyekwisha kuzaa asingoje hadi hapo. Anayevuka feri ya Likoni ajumlishe muda wa kungoja kivukoni, hasa usiku.

Chupa ikipasuka, damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, au mama akiumwa sana na kichwa na kuona ukungu, aende mara moja, hata kama uchungu haujaanza. Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji naye aende mapema, uchungu unapoanza tu.

Dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu ziachwe kabisa. Kizazi kinapokaza bila kupumzika, damu inayomfikishia mtoto hewa hukatika, na kizazi chenyewe chaweza kupasuka.

Baada ya sentimita 5 mwendo huongezeka: kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza, saa 10 kwa unaofuata. Kanuni ya zamani ya sentimita moja kila saa haiwafai wote. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kasi hiyo ni kubwa mno kwa baadhi ya wanawake. Basi mama asilaumiwe kwa kuchelewa. Muhimu ni mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo husikilizwa kila nusu saa na hutakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika.

Hatua ya pili ni kusukuma. Asisukume kabla mlango haujafunguka wote, kwani huvimba na kuziba njia. Kulala chali muda mrefu pia kuna madhara: uzito wa mimba hukandamiza mishipa mikubwa na kupunguza damu ya mtoto. Alale ubavu, achuchumae au apige magoti.

Sasa kondo la nyuma. Mwishoni mwa mimba, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye kizazi kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya kizazi kujikaza. Misuli ikilegea, mama aweza kuishiwa damu upesi mno. Ndiyo maana mkunga humdunga oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, yuniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Kitovu hukatwa baada ya dakika moja hadi tatu. Kondo hutoka ndani ya dakika 30, halafu hukaguliwa, maana kipande kilichobaki huendeleza kuvuja. Kitovu kisivutwe ovyo: kizazi chaweza kupinduka na kutoka nje.

Kukadiria damu kwa macho hudanganya, kwa kuwa leso hufyonza nyingi. Utafiti uliochapishwa 2023, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulipima damu kwa nailoni yenye vipimo na kutoa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja. Madhara makubwa ya kuvuja yalipungua kwa asilimia 60.

Kwa saa mbili za mwanzo kizazi hupapaswa kila dakika 15, na chini ya kitovu cha mama kinatakiwa kiwe kigumu. Asifungwe mkaja wakati huo, kwani hakitapapasika vizuri. Akojoe, na mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, kwa kuwa kunyonya hukaza kizazi. Akae kituoni angalau saa 24. Akiwa nyumbani, pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, akisikia kizunguzungu, akipata homa au uchafu wenye harufu mbaya, arudishwe hospitali hiyo hiyo saa, usiku au mchana.