Uskoti wa Mababu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Ukiitwa Campbell, una damu ya chifu."
Si lazima. Ukoo wa Nyanda za Juu za Uskoti, kama huo wa Campbell, ulikusanya ndugu wa damu, wapangaji wa mashamba ya chifu na waliokimbilia kwake kutafuta ulinzi, na wengi wao walichukua jina lake. Akina MacGregor, ukoo mwingine, walipigwa marufuku mwaka 1603 hata kulitumia jina lao. Wakajificha kwenye majina ya watu wengine, na marufuku ile haikufutwa moja kwa moja hadi 1774. Kwa hiyo babu aliyeandikishwa kanisani kwa jina la Campbell huenda kwao ni MacGregor. Jamaika nako akina Campbell ni wengi, na jina hilo lilifika huko pamoja na Waskoti wenye mashamba ya miwa na watumwa.

"Kila ukoo una tartani yake tangu enzi na enzi."
Tartani ni kile kitambaa cha miraba ya rangi, na mpangilio huo ni wa juzi tu. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, mwandishi Walter Scott aliyepanga sherehe aliwataka wakuu wa koo waje na mavazi yao, na wafumaji wakapata soko. Mwaka 1842 ndugu wawili wakatoa kitabu cha tartani "za kale". Kilikuja kubainika kuwa cha kughushi, ila miraba yake inauzwa mpaka leo! Sheria haimkatazi mtu tartani yoyote, vaa inayokupendeza.

"Hii ndiyo nembo ya familia yetu."
Uskoti nembo ni mali ya mtu mmoja, si ya jina. Mamlaka yake ni Mahakama ya Lord Lyon, na kujitwalia ya mwenzio ni kosa kisheria. Mfuasi wa ukoo huvaa beji ya chifu iliyozungushiwa mkanda wenye bizimu, basi.

"Mskoti ni mwenye asili ya huko."
Kura ya uhuru wa Uskoti ya 2014 ilifuata makazi. Mzaliwa wa Glasgow aliyehamia London hakupiga. Mkenya aliyeishi Dundee, Uskoti, kihalali alipiga. Humza Yousaf, Waziri Kiongozi wa Uskoti kuanzia 2023 hadi 2024, ni mzaliwa wa Glasgow ambaye baba yake alitoka Pakistan na mama yake alizaliwa Kenya.

Asili ina faida zake, hilo sibishi. Bibi mzaliwa wa Uskoti anaweza kukufungulia mlango wa timu ya taifa ya soka. Ipo pia viza ya kufanya kazi Uingereza kwa wenye babu au bibi aliyezaliwa huko, lakini ni ya raia wa Jumuiya ya Madola. Mtanzania mwenye bibi wa Aberdeen anaweza kuiomba. Mmarekani haimhusu, hata awe na kabati zima la kilti, zile sketi za tartani za wanaume.