“Huyo anajifanya tu”: tunayokosea kuhusu taswira ya nyota wa muziki

Kaa kwenye kinyozi chochote cha Kondele, Kisumu, Jumamosi alasiri, na utasikia taswira ya wasanii ikichambuliwa kuliko kwenye ukumbi wa chuo. Huyu amejitengeneza, yule ni wa ukweli, huyu meneja ndiye anamfikiria, yule sifa zimempanda kichwani. Mabishano ni matamu. Shida ni kwamba mengi yamesimama juu ya dhana chache ambazo ukizisukuma kidogo zinaanguka.

“Richard Dyer aliandika kuhusu wanamuziki wa pop.”

Hili ni kosa la darasani, nalo ni dogo. Wanafunzi wa somo la habari humtaja Dyer kana kwamba alikuwa mchambuzi wa muziki. Msomi huyo Mwingereza alitoa kitabu chake kuhusu nyota mwaka 1979 na kingine mwaka 1986, na nyota aliowalenga ni wa filamu. Katika kile cha pili aliwachambua Marilyn Monroe, Paul Robeson na Judy Garland. Robeson na Garland walikuwa waimbaji pia, kwa hiyo mlango wa kuingilia pop ulikuwa wazi.

Ila ukiihamisha nadharia yake ya jinsi nyota anavyojengwa hadi kwenye muziki, kuna mzigo unaongezeka njiani. Mwigizaji akilia kwenye filamu, tunajua analia kwa niaba ya mtu mwingine. Mwimbaji akiimba “nimeachwa”, tunamuuliza ameachwa na nani.

“Taswira ni uongo. Mtu wa kweli yuko nyuma yake.”

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na wacha tuikalie.

Kila Desemba nyimbo za Krismasi za kundi la disko la Boney M hurudi madukani na kwenye matatu kana kwamba zimetolewa jana. Yule mwanamume aliyekuwa akirukaruka jukwaani, Bobby Farrell, si yeye mwenye ile sauti nzito ya kiume kwenye rekodi. Sauti ni ya Frank Farian, prodyuza Mjerumani aliyeliunda kundi lenyewe. Na kati ya wale wanawake watatu, waliorekodi ni wawili: Liz Mitchell na Marcia Barrett. Mwambie hayo shangazi yako anayecheza sebuleni. Ataendelea kucheza.

Miaka ya mwisho ya themanini Farian huyohuyo akaja na Milli Vanilli. Vijana wawili, Rob Pilatus na Fab Morvan, walicheza na kufungua midomo huku sauti zikiwa za watu wengine. Februari 1990 wakapewa tuzo ya Grammy ya msanii mpya bora. Novemba mwaka huohuo wakanyang’anywa.

Prodyuza ni mmoja, ujanja ni uleule. Mbona kundi moja ni sherehe hadi leo na jingine likawa aibu? Kwa maoni yangu, Boney M waliuzwa kama tamasha: mavazi ya kumetameta, densi, shangwe. Milli Vanilli waliuzwa kama waimbaji, wakapokea tuzo kama waimbaji. Kama ni suala la uongo na ukweli tu, makundi yote mawili yangeanguka pamoja. Kilichowachoma watu ni ahadi waliyopewa.

Hapo ndipo Dyer anasaidia. Anasema nyota tunayemjua tumemjua kupitia matangazo, picha, mahojiano, kazi zake na yale wengine waliyoandika juu yake. Hatuna njia nyingine ya kumfikia. Hata huo “ukweli” hupitia humohumo: picha bila vipodozi, mahojiano ya machozi, video akipika ugali kwa mama yake kijijini. Sisemi machozi ni ya kuigiza. Nasema kuna mtu aliyeamua kamera iwepo.

“Mambo ya kujijenga jina yaliletwa na MTV.”

MTV, kituo cha televisheni cha muziki, ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981 huko Marekani. Waluo walikuwa na pakruok zamani kabla ya hapo.

Kwa asiyeijua: mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, yuko kazini, watu wamemzunguka. Mtu anasimama, anatoa pesa, muziki unapunguzwa au unasimama kabisa. Naye anajisifu, au anamsifu rafiki, shemeji, ukoo, kijiji chake, kwa mafumbo na majina ya kujipa. Akimaliza, nyuzi zinarudi, na mpigaji anaweza kulibeba jina lile ndani ya wimbo. Muziki wa benga ukairithi desturi hiyo, na ule wa ohangla pia. Ndiyo maana rekodi nyingi kutoka Nyanza zimejaa majina ya wafanyabiashara, walimu na mabinti wa watu fulani ambao msikilizaji wa Nakuru hajawahi kuwasikia popote pengine.

Nadharia za taswira huko Ulaya na Marekani mara nyingi zinadhani kwamba utengenezaji hufichwa, na kazi ya mchambuzi ni kuufichua. Kwenye pakruok hakuna cha kufichua. Bei inalipwa mbele ya watu, sifa zinatiwa chumvi mbele ya watu, na anayesifiwa anaketi akiwa amekuwa mkubwa kidogo kuliko alivyosimama. Wapo wanaolalamika kwamba siku hizi imekuwa biashara tupu. Huenda, lakini noti haikuingia juzi.

Ukitaka kuona kitu hichohicho kwenye karatasi, ingia kwenye vile vyumba vidogo vya kuchapisha mabango ya shoo.

“Jaduong’, hii ya shati la kawaida haileti watu,” kijana wa kompyuta anamwambia mwanamuziki aliyemzidi umri mara mbili. “Tuweke ile ya suti nyeupe.”

“Lakini ile suti niliazima, kijana wangu.”

“Si hawajui? Na namba yako tuiache hapa chini, watu wa harusi wapige.”

Bango likitoka, juu kuna mfalme wa suti nyeupe na jina la herufi za dhahabu, taji limebandikwa kando. Chini kuna namba ya simu, na ukipiga anapokea mwenyewe. Dyer alilieleza hili kwa kurasa nyingi: nyota lazima awe wa ajabu na wa kawaida kwa wakati mmoja, asishikike na bado awe mwenzetu. Kijana wa kompyuta amelimaliza kwa nusu saa, na hajadai malipo ya ziada.

“Kampuni huamua, sisi tunapokea.”

Mwanafalsafa Mjerumani Theodor Adorno aliandika karibu hivyo mwaka 1941: muziki wa kibiashara ni bidhaa za kiwandani zinazofanana, zikipakwa rangi ndogo tofauti ili kila moja ionekane ya kipekee. Hakukosea kabisa. Alichokosa ni msikilizaji. Stuart Hall, msomi wa utamaduni, mwaka 1973 alisisitiza kwamba ujumbe ukitoka kwa mtengenezaji hauna uhakika wa kufika kama ulivyotumwa.

D. O. Misiani, mwanamuziki wa benga wa kundi la Shirati Jazz, ni mfano mzuri kuliko wa Ulaya. Alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akajulikana zaidi Kenya, na nyimbo zake zilijaa mafumbo. Wasikilizaji waliyafumbua kama siasa, na serikali nayo ikayafumbua. Alipata kukamatwa kwa sababu ya nyimbo. Taswira ya msema kweli aliyoishi nayo haikupangwa na meneja yeyote. Ilijengwa na yeye, mashabiki na polisi, kila mmoja kwa nia yake.

“Mitandao imetusogeza karibu na wasanii kwa mara ya kwanza.”

Wasomi Donald Horton na Richard Wohl walieleza ukaribu huu wa upande mmoja mwaka 1956, wakizungumzia redio na televisheni. Aliyewahi kutuma kadi za salamu redioni na kungoja jina lake lisomwe hahitaji maelezo zaidi.

“Nyota akifa, taswira yake inafungwa.”

Misiani alifariki Kisumu mwaka 2006 kwa ajali ya barabarani. Chini ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, nyimbo alizotunga zinalindwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, yaani hadi mwisho wa 2056. Sheria hiyo inalinda tungo, rekodi na picha kama kazi za sanaa. Uso wenyewe si kazi ya sanaa, na jina la heshima ambalo mashabiki walimpa si lake wala si letu chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo anayetaka kupiga wimbo wake hadharani anatakiwa kuwa na leseni, ilhali anayetaka kuandika “mrithi wa Misiani” juu ya picha yake mwenyewe haombi ruhusa ya hakimiliki, na wanaofanya hivyo hawakosekani.