Jino la kupandikiza haliozi, ila fizi yake inaugua

Wengi wanaamini ukishapandikizwa jino umemaliza, ni chuma, haliozi, kwa hiyo hata mswaki sio lazima sana. Kutooza ni kweli kabisa, ile skrubu ya chuma cha titani inayoshikilia jino haitoboki kwa sukari. Ila imekaa ndani ya mfupa wako na imezungukwa na fizi yako, na ule utando laini unaoganda kwenye meno unaganda hata hapo, bakteria wanaingia chini, fizi inavimba, ukichelewa mfupa unaanza kuliwa taratibu na mara nyingi husikii maumivu yoyote, hapo ndo roho inaniuma maana mtu anakuja kushtuka jino linacheza.

Jicheki: sugua taratibu pale jino linapokutana na fizi halafu tema, ukiona damu au usaha nenda kliniki. Fizi ikiwa imevimba tu, kusafishwa vizuri kwa kawaida kunairudisha. Mfupa ukishaliwa kazi ni kubwa, pengine upasuaji, na antibiotiki peke yake haziondoi ule uchafu ulioganda. Mwombe daktari alinganishe eksirei ya sasa na ile ya mwanzo, aone kama mfupa umepungua. Na sigara jamani, pamoja na kisukari kisichodhibitiwa, vinaongeza hatari.