Mechi ya hisani: pesa ni ya nani, anaichangisha nani

Ligi ikisimama na wachezaji wakirudi makwao, msimu mwingine huanza: mechi za hisani, mabonanza, jezi za kunadiwa, picha za mchezaji akikabidhi madawati. Ni mambo mema na hakuna ofisi inayoyapinga. Ila ni kipindi hichohicho ambapo malalamiko huongezeka kwetu sisi tunaoshughulika na usajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, na mengi hayahusu wizi. Yanahusu fedha zilizochangwa kwa jina la mchezaji au kocha, na sasa hakuna anayeweza kuonyesha ziko wapi, mwenye jina akiwemo.

Nianze na tofauti ambayo ingetupunguzia mafaili mengi mezani. Kuna kutoa chako, na kuna kuomba cha wengine.

Mchezaji akichukua mshahara wake akanunua magodoro ya wodi ya wazazi, hahitaji cheti cha Msajili. Hahitaji katiba, mwenyekiti wala mweka hazina. Nalisisitiza hili kwa sababu kila mara sheria inapotajwa husikika ile lawama kwamba serikali inazuia watu kusaidiana. Haizuii. Sadaka ya mtu binafsi ni yake.

Hata hivyo, kutoa chako hakukuondolei wajibu wa kuuliza kabla. Sadio Mané alijenga shule kijijini kwao Bambali, kusini mwa Senegal, kisha hospitali iliyofunguliwa 2021, kwa fedha zake. Mwaka huohuo alionana na Macky Sall, aliyekuwa Rais wa nchi, kuzungumzia watumishi wa hospitali hiyo. Watu wanalikumbuka jengo, lakini kwa mtu wa kazi yangu kikao kile ndicho cha kuigwa. Zahanati isiyo na mganga, muuguzi wala dawa ni nyumba tu yenye rangi mpya. Kwetu Tanzania, anayetaka kujenga zahanati au darasa aanze kwa barua kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mhandisi wa halmashauri ataangalia ramani na kiwanja, mganga mkuu wa wilaya au ofisa elimu atasema kama eneo limo kwenye mpango wa kupelekewa watumishi, na mwisho kutakuwa na hati ya makabidhiano yenye sahihi za pande zote mbili. Hatua hizo zinachukua muda, nakubali. Zinachukua muda mrefu zaidi zikianza baada ya bati kupigwa.

Upande wa pili ndio wenye matatizo. Ukishatangaza namba ya simu ukawaambia watu "tumchangie mtoto huyu", au ukauza tiketi kwa ahadi kwamba mapato yatajenga vyoo vya shule, pesa ile si yako tena hata kama waliotoa wametoa kwa mapenzi yao kwako. Hapo ndipo sheria inaingia. Na hapo ndipo tunapokuta "foundation" ambayo ni ukurasa wa mtandaoni, nembo nzuri, na namba ya simu ya meneja wa mchezaji.

Niseme wazi: nembo si usajili. Wafuasi milioni moja si usajili. Kuwa na mgeni rasmi mwenye cheo si usajili.

Shirika linalosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, pamoja na marekebisho yake, huomba kwa ngazi linayokusudia kufanyia kazi: wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Mchezaji anayetaka kusaidia kata aliyozaliwa hana sababu ya kukimbilia ngazi ya taifa, lakini wengi hukimbilia huko kwa sababu inasikika vizuri. Maafisa maendeleo ya jamii wa wilaya na mikoa ni wasajili wasaidizi, kwa hiyo mlango wa kwanza wa kugonga ni halmashauri yako. Maombi huambatana na katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina kamili na sahihi, wasifu wa viongozi, anwani na mahali ofisi ilipo, na ada. Tangu marekebisho ya 2019 cheti hudumu miaka 10, na maombi ya kukihuisha hufanywa kabla hakijaisha muda, si baada.

Muhtasari wa kikao ndio unaorudishwa sana. Unalikuta karatasi moja lenye majina kumi na sahihi kumi, kalamu ileile, mwandiko uleule, na kikao kinasemekana kilifanyika Dar es Salaam saa nne asubuhi, siku ambayo mwenyekiti, kila mpenda soka anajua, alikuwa ugenini na timu yake. Anwani ya ofisi: "karibu na stendi". Sisi nasi tunaangalia mpira, jamani. Kama mchezaji yuko nje ya nchi, waandike hivyo, ateuliwe mtu mwingine aendeshe kikao. Sheria haimlazimishi mwenye jina kubwa kuwa mwenyekiti. Kwa kweli ni afadhali asiwe, maana mwenyekiti asiyepatikana miezi kumi ya msimu ndiye anayekwamisha benki, taarifa na kila kitu.

Malengo nayo. Katiba nyingi za wachezaji zinataja elimu, afya, mazingira, michezo, wajane, wazee, watu wenye ulemavu, uwezeshaji wa vijana na utalii. Yote hayo kwa shirika lenye watu watano. Nwankwo Kanu wa Nigeria aligundulika kuwa na tatizo la moyo 1996 alipojiunga na Inter Milan, akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani. Mwaka 2000 alianzisha taasisi yake, na shabaha yake iko kwenye jina: moyo. Inasaidia watoto wa Kiafrika wenye matatizo ya moyo wapate matibabu. Mfadhili anajua anachangia nini na mkaguzi anajua atafute nini.

Sasa adhabu, kwa kuwa huulizwa kila mara na hujibiwa ovyo mitaani. Kuendesha shirika bila usajili, kutoa taarifa za uongo ili usajiliwe, au kuchangisha fedha kinyume na sheria ni kosa. Faini yake haizidi Sh 500,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wapo wanaosikia laki tano wakacheka, kwa sababu ni chini ya bei ya viatu vyao vya mazoezi. Wasome na kinachofuata: aliyetiwa hatiani anaweza kuzuiwa kushika uongozi katika shirika lolote lisilo la kiserikali kwa muda usiozidi miaka mitano. Kwa mtu anayetaka kujenga jina la hisani baada ya kustaafu soka, hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Na hilo ni mbali na makosa ya jinai ya kawaida kama kujipatia fedha kwa udanganyifu, ambayo si ya ofisi yetu bali ya polisi.

Baada ya usajili, kila mwaka kuna taarifa ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za 2018 ziliongeza jambo ambalo mechi moja kubwa yenye mdhamini inaweza kulifikia kirahisi: ufadhili unaozidi Sh milioni 20 mkataba wake upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Mkataba wa kampuni ya vinywaji inayodhamini mechi yenu umo. Mfano wa hundi ule mkubwa mnaopigia nao picha katikati ya uwanja haumo. Tunataka mkataba na taarifa ya benki.

Watu husema taratibu hizi ni kuwashuku watu wema. Kesi ya Didier Drogba inafaa kusomwa na kila anayefikiri hivyo. Aprili 2016 gazeti moja la Uingereza liliandika kwamba taasisi yake iliyosajiliwa huko ilichangiwa pauni milioni 1.7, na kwamba ni pauni 14,115 tu zilizokuwa zimetumika kwa hisani. Dunia nzima ikapiga kelele. Tume inayosimamia mashirika ya hisani ya Uingereza na Wales ikachunguza, na Novemba mwaka huo ikasema haikuona ushahidi wa udanganyifu wala ufisadi. Fedha zilikuwepo benki. Kazi zilizoonekana Côte d'Ivoire zilikuwa za kweli pia, ila zililipiwa na fedha za Drogba mwenyewe, kutokana na mikataba yake ya matangazo, kupitia taasisi nyingine iliyoko kwao. Tume ikasema maelezo yaliyotolewa yangeweza kuwapotosha wachangiaji, waamini michango yao ndiyo iliyofanya kazi hizo. Hapo hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mifuko miwili iliyosimuliwa kama mmoja, na ilitosha mtu aliyetoa mamilioni yake mwenyewe kuamka akiwa habari mbaya kwenye ukurasa wa mbele.

Kosa la aina hiyo kwetu hutokea mlangoni mwa uwanja. Tangazo linasema "mapato yote yatakwenda shuleni". Mapato yote? Kuna gharama ya kutumia uwanja, waamuzi, ulinzi, gari la wagonjwa, usafiri na hoteli ya wachezaji walioalikwa, jezi, matangazo. Vikitolewa hivyo, kinachobaki kinaweza kuwa sehemu ndogo, na mwalimu mkuu aliyekaa jukwaani akihesabu vichwa tayari alishagawa madawati kwa madarasa akilini mwake. Wiki mbili baadaye ndiye anayetupigia simu. Andikeni "mapato baada ya gharama", tangazeni gharama ni zipi, au bora zaidi mdhamini alipie gharama zote ili cha mlangoni kibaki cha shule. Mwaka 2018 Mbwana Samatta na Ali Kiba walipokutanisha timu zao Uwanja wa Taifa kuchangia elimu, watu waliona jinsi mchezaji na msanii wanavyoweza kuvuta umma kwa jambo jema. Mvuto wa aina hiyo ndio unaofanya ahadi ya kwenye tangazo iwe nzito.

Fedha zote ziingie akaunti ya benki yenye jina la shirika, watia sahihi wasiopungua wawili, wala wasiwe mume na mke. Kama mnapokea kwa simu, tumieni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la shirika. Mtu akituma anaona jina kabla ya kuthibitisha. Akiona jina la dereva wa mchezaji, ana haki ya kusita.

Mchezaji mwenye mkataba aombe ruhusa ya klabu yake kabla ya kucheza mechi ya hisani, kwa maandishi. Akivunjika mguu kwenye bonanza, hisani haitamlipia. Na akademi au kituo cha michezo kina utaratibu wake Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Cheti chetu hakiruhusu kuendesha akademi, wala cha BMT hakiruhusu kuchangisha fedha za vituo vya watoto. Swali hili hurudi kila wiki.

Cheti chetu pia si msamaha wa kodi. Hadhi ya shirika la hisani kikodi hutolewa na Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa maombi ya peke yake, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 imeandikwa ikilenga kupunguza umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, na huduma za umma kama afya, maji na barabara. Shirika ambalo kazi yake kubwa ni ligi ya vijana lijiandae kwa maswali. Kampuni inayochangia shirika lenye hadhi hiyo inaweza kuuondoa mchango katika mapato yake yanayotozwa kodi, kikomo kikiwa asilimia 2 ya mapato ya biashara. Mkimpa mfadhili risiti ya kitabu cha dukani isiyo na jina la shirika wala namba ya usajili, hiyo asilimia 2 mmemnyima.

Jambo la watoto linanikera zaidi ya yote hayo. Timu zetu kubwa, katika Simba Day na Wiki ya Mwananchi, zimejenga desturi nzuri ya kuchangia damu na kutembelea wagonjwa na vituo vya watoto. Wachezaji mmoja mmoja wanaiga, na ni vizuri. Lakini mtoto aliye kituoni si pambo la ukurasa wako. Sura yake, jina lake na habari ya jinsi alivyofiwa ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda faragha na utu wake. Nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii kwanza. Pigeni picha za unga, mafuta na mipira mnayokabidhi. Anayesema "lakini mashabiki wanataka kuona" ajiulize kama angependa mwanawe apigwe picha akiwa amenyoosha mkono kupokea pakiti ya sukari.

Si lazima kila mchezaji awe na shirika lake. Agosti 2017 Juan Mata, akiwa Manchester United, alianzisha Common Goal, ambapo mchezaji au kocha hutoa asilimia 1 ya mshahara wake kwa mfuko wa pamoja unaosaidia mashirika yaliyoko kazini tayari. Mats Hummels alimfuata, na Julian Nagelsmann akawa kocha wa kwanza kujiunga. Hapa jirani, MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, ipo tangu 1987. Katika ligi zake, timu inayofanya usafi wa mtaa hupata pointi 6, wakati ushindi uwanjani ni pointi 3, na wachezaji wa Mathare United, timu iliyotoka humo, walitakiwa kuitumikia jamii kama sehemu ya kuwa mchezaji. Kocha wa daraja la kwanza asiye na senti ya kutoa anaweza kuanzia hapo kesho, bila kutuandikia barua.

Mwisho ni suala ambalo waanzilishi hawapendi kulizungumza: shirika likifa. Mchezaji anahamia Ulaya, meneja anagombana na mjomba, ofisi inafungwa. Mali za shirika hazigawanywi kwa waanzilishi. Katiba inapaswa kusema zinakwenda wapi, na kawaida ni kwa shirika lingine lenye malengo yanayofanana. Mjulisheni Msajili kwa maandishi, ambatanisheni orodha ya mali na taarifa ya mwisho ya benki. Kama gari lililonunuliwa kwa michango limesajiliwa kwa jina la mchezaji, anzeni TRA kuhamisha umiliki kabla ya kuja kwetu, maana bila kadi yenye jina sahihi faili halitasogea.